Zamu ya Kumi ya Hrabovsky

Jumapili ya mwisho ya msimu, Wendell Hrabovsky alipanda basi la mashabiki akiwa na penseli nne, rula, na karatasi alizozipigia mistari mwenyewe mezani jikoni. Alizipiga mwenyewe kwa sababu uwanjani hawauzi tena karatasi za kuandikia mchezo. Ukiwauliza wanakutazama kana kwamba umeomba majani ya farasi.

Basi lilikuwa na watu arobaini na wawili. Kwa hesabu ya Hrabovsky, mashabiki walikuwa wawili tu: yeye na Rosalind Kopec, mjane aliyekuwa akiandikisha majina na kukusanya nauli. Wengine walikuwa abiria. Walivaa jezi za Wahunzi, timu ya besiboli ya mji wa Brannock, lakini mgongoni walikuwa wameandika majina yao wenyewe badala ya majina ya wachezaji. Mtu mzima, ana kitambi na mvi, amejiandika jina mgongoni kama mtoto anayeogopewa kupotea sokoni.

"Umekula, Hrabovsky?" Rosalind alimuuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Ama kweli, kusafiri na wewe ni raha tupu."

"Tiketi yangu iko wapi?"

"Iko kwenye simu yangu."

"Nataka karatasi."

"Hakuna karatasi, mzee mwenzangu. Hakuna tangu mwaka juzi, na kila safari unaniuliza swali hilohilo. Kaa chini, dereva anataka kuondoka."

Alikaa. Nje ya dirisha barabara ilipita pale pale ilipopita siku zote: kiwanda cha chuma kilichobaki bomba moja la moshi, kanisa la Waslovaki alimobatizwa, ambalo sasa linauza bia za ladha ya nanasi, kisha mahindi, mahindi, na mabanda ya kukodisha ambamo watu huhifadhi vitu wasivyovihitaji. Hrabovsky alifanya kazi ya kukereza vyuma katika kiwanda kile miaka thelathini na minne. Hakukitazama. Alichonga penseli.

Siku hiyo hakuwa akienda kujifurahisha, wala hakuwahi kuelewa wanaokwenda mchezoni kwa ajili hiyo. Alikuwa akienda kwa sababu ya Lucius Pettway.

Lucius alikuwa mtu wa breki katika treni za mizigo. Kwa miaka thelathini na moja wawili hao walikaa viti viwili vya pamoja uwanjani, nyuma ya kituo cha kwanza cha wakimbiaji, Lucius akitazama na kusema, Hrabovsky akiandika. Kila mpira uliopigwa, kila mtu aliyefika kituoni na kila aliyetolewa, yote yaliingia kwenye karatasi. Watu walisema Pettway ndiye macho na Hrabovsky ndiye mkono. Kisha kisukari kikayachukua macho ya Lucius, na kilipomaliza macho kikageukia figo. Sasa alikuwa katika nyumba ya wazee kando ya reli, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tano asubuhi gari lilimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Redio ilikuwa imeacha kutangaza michezo ya Wahunzi. Matangazo yalihamia kwenye simu, kwa kulipia, na Lucius hakuwa na simu ya namna hiyo, wala hakuitaka. Kwa hiyo Hrabovsky alikwenda kila mchezo alioweza, akaandika, na kesho yake akaenda kumsomea, zamu baada ya zamu, kutoka ya kwanza hadi ya tisa.

Mwezi Agosti Lucius alimwambia jambo, kwa sauti ileile ambayo mtu huagizia kahawa.

"Ile mashine nitaivumilia mpaka Wahunzi wamalize. Wakimaliza, nami nimemaliza."

"Umemwambia daktari?"

"Nimemwambia. Amesema ni haki yangu. Binti yangu amelia kwenye simu kutoka Arizona. Na jana kaja mchungaji na gitaa."

"Gitaa?"

"Gitaa, Hrabo. Kijitu cha viatu vya michezo. Kaimba."

Hrabovsky hakubishana naye. Hakuwahi kujua namna ya kubishana na mtu kuhusu jambo la maana. Alijua kubishana kuhusu besiboli. Alichofanya ni kufungua gazeti na kutazama msimamo wa ligi. Wahunzi walikuwa nyuma ya Korongo wa Marlow kwa michezo mitano. Tangu siku hiyo hakukosa mchezo hata mmoja, wa nyumbani wala wa ugenini, na ile timu ya vijana wasiojua hata kuufunga ukanda wa suruali vizuri ikaanza kushinda, ikashinda tena, mpaka Jumapili ya mwisho ikawa sawasawa na Korongo. Mshindi wa siku hiyo angeingia mtoano, na mtoano ulikuwa unaanza Jumatano. Wakishinda, Lucius angepanda gari la Jumatatu, na la Jumatano, na pengine la wiki ile nyingine. Wakishindwa, msimu umekwisha.

Uwanja wa Marlow ulikuwa mpya, na kila kitu ndani yake kilipiga kelele. Zamani kati ya mpira mmoja na mwingine kulikuwa na kimya. Mtu alivunja ganda la karanga, akafikiri, akamuuliza jirani kama mrushaji amechoka. Huko ndiko mchezo ulikokuwa. Sasa kila pengo linajazwa muziki, na juu ya uzio kuna saa inayohesabu sekunde za mrushaji, kama yai linalochemshwa. Mtu aliyevaa vazi la korongo mkubwa alipita akirusha fulana kwa bunduki ya upepo. Watu wazima waliokuwa hawajainua macho kutoka kwenye simu kwa zamu tatu nzima waliinuka wakakanyagana kugombea fulana ya kijani.

Mbele yake alikaa bwana mmoja aliyenunua sahani ya vibanzi vilivyomwagiwa jibini la rangi ya chungwa. Aligeuka katika zamu ya nne.

"Samahani, mzee. Unaandika nini?"

"Mchezo."

"Si wanaonyesha yote pale kwenye skrini?"

"Na kesho skrini itaniambia nini?"

Bwana yule alifikiri. "Kesho utatazama kwenye simu."

"Geuka," Hrabovsky alimwambia. "Jibini linakudondokea."

Mchezo wenyewe, ukiuondolea takataka, ulikuwa mzuri. Mrushaji wa Wahunzi, kijana mrefu aitwaye Quimby, alirusha kwa akili. Hrabovsky alilikubali hilo kwa shida, kama mtu anayemnawisha mikono mgeni asiyemtaka. Katika zamu ya saba, matokeo yakiwa tatu kwa tatu, nusu ya basi lao walishaondoka vitini kwenda kupanga foleni ya bia ya mwisho. Katika zamu ya nane kocha alimtoa Quimby, ingawa alikuwa bado na nguvu, kwa sababu kijana mmoja mwenye kompyuta alikuwa amehesabu mirusho yake na kuona imetosha. Hrabovsky alibonyeza penseli mpaka ncha ikavunjika, akachukua nyingine. Zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, ikaisha vilevile, tatu kwa tatu, kwa hiyo ikaongezwa ya kumi.

Zamani, zamu ya kumi ilikuwa zamu kama zote. Mtu alisimama na rungu lake tu, na kila kituo alichokanyaga alikipata kwa jasho lake. Sasa wakubwa wa mchezo wameona watu wanachoka, wana haraka ya kwenda kusikojulikana, na wametunga sheria: kuanzia zamu ya kumi kila timu inaanza ikiwa na mtu tayari kituo cha pili. Hakupiga, hakukimbia, hakufanya lolote. Ameambiwa nenda kasimame pale, akaenda. Hrabovsky alimwita mtu wa bure. Kila alipolazimika kumwandika alimwekea kiduara kidogo chenye mkia, kama kiluwiluwi, na kila alipomsomea Lucius zamu ya namna hiyo alimtukana mtu huyo, na mama wa aliyetunga sheria hiyo.

Wahunzi walianza. Mtu wao wa bure alisimama kituo cha pili akijikuna. Mpigaji wa kwanza, Ostrander, aliupaisha mpira mfupi ukadakwa. Wa pili alikosa mara tatu. Wa tatu alisimama na rungu begani, akautazama mpira wa mwisho ukipita, kama mtu anayetazama basi alilokuwa akilisubiri likienda zake. Watatu wametolewa, zamu imekwisha. Wakaingia Korongo. Nao walikuwa na mtu wao wa bure. Mpigaji wao wa kwanza aligonga mpira kwa ncha ya rungu, mpira dhaifu, wa aibu, ukaanguka nyuma ya kituo cha kwanza mahali pasipokuwa na mtu. Yule wa bure akakimbia mpaka nyumbani, kituo cha mwisho, na hiyo ni pointi. Nne kwa tatu. Msimu wa Wahunzi ulikuwa umekwisha, umemalizwa na mtu ambaye hakugusa rungu.

Fataki zikalipuka, mchana kweupe. Hrabovsky alikaa mpaka alipoandika alama ya mwisho. Rosalind alimngoja mwisho wa safu, mikono juu ya mkoba.

"Pole," alimwambia.

"Kwa nini? Mimi sijapoteza kitu."

Rosalind alijua habari za Lucius. Alitangulia kwenda basini.

Ndani ya basi, kabla hawajatoka kwenye maegesho, watu walishaanza kutazama mpira wa miguu wa Kimarekani kwenye simu zao na kushangilia. Mmoja alifungua katoni ya keki. Mwingine alisema kwa furaha, "Si neno, tulifurahi, na hali ya hewa ilikuwa nzuri!" Hrabovsky alimtazama kwa muda mrefu. Miezi mitano ya michezo, na alichoambulia huyu ni hali ya hewa. Watu wa namna hii ndio waliouza kiwanda, akawaza, ndio waliofunga reli, na siku ya kiama watasema angalau kulikuwa na kivuli.

Walisimama kula kwenye mgahawa wa njiani. Hrabovsky aliketi peke yake, akaagiza kipande cha mkate wa tufaha na kahawa, akaitoa karatasi ya mchezo. Aliitazama zamu ya kumi. Kisha akatoa karatasi nyingine, safi.

Katika miaka arobaini na mitano hakuwahi kuandika alama ya uongo. Waliofanya hivyo aliwadharau kuliko wezi. Mwizi angalau anajua kitu kile ni cha nani. Lakini mkono ulianza wenyewe. Ulinakili zamu tisa kama zilivyokuwa, ukafika ya kumi. Huko Ostrander aliupiga mpira mpaka ukutani, akafika kituo cha pili. Aliyemfuata akatolewa. Mwingine akapiga pigo safi katikati, Ostrander akaja nyumbani. Wawili wakatolewa. Wapigaji watano: mmoja amefika nyumbani, mmoja ameachwa kituoni, watatu wametolewa. Hesabu inakubali. Korongo wakaingia, wakatolewa watatu mfululizo. Wahunzi nne, Korongo tatu. Aliisoma tena na kuona ni zamu nzuri, imetulia, ya kiume. Hakuna aliyecheza zamu kama ile katika ligi hii tangu waanze kuchemsha mayai kwenye uzio.

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa katika nyumba ya wazee. Televisheni ya ukumbini ilikuwa ikifundisha kupika kwa wazee kumi na wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa chumvi. Darlene, mhudumu mwenye sauti ya kengele, alimkuta mlangoni.

"Leo gari linakuja saa tano. Hajaniambia kama anakwenda. Ameniambia subiri."

"Subiri basi."

Lucius alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amenyoa, amevaa shati la vifungo. Macho yake yalitazama ukuta.

"Una harufu ya basi," alisema.

"Na wewe una harufu ya dawa."

"Usiniambie matokeo. Soma."

Hrabovsky alisoma. Alisoma zamu ya kwanza, huku Lucius akitikisa kichwa. Zamu ya nne Lucius akacheka. Zamu ya nane, kocha alipomtoa Quimby, Lucius alipiga mkono wa kiti.

"Alikuwa amechoka?"

"Hakuwa amechoka. Alikuwa kama amelala akaamka."

"Pumbavu huyo kocha! Hata duka la viatu asingepewa kulisimamia. Endelea."

Alisoma ya tisa. Alisoma ya kumi: Ostrander mpaka ukutani, kutolewa, pigo la katikati, Ostrander nyumbani, wawili wametolewa. Korongo watatu, wote wametolewa. Akakunja karatasi.

"Tumeingia mtoano," alisema. "Jumatano."

Vidole vya Lucius vilikuwa vikihesabu juu ya goti.

"Inakubali," alisema mwishowe.

"Inakubali, ndiyo."

"Inakubali mno. Wapigaji watano, mmoja, mmoja, watatu. Kama za miaka ile tukiwa vijana."

"Basi."

"Hrabo."

"Nini?"

"Umesoma zamu ya kumi nzima bila kutukana."

Mlangoni Darlene aligonga, akachungulia, akaona nyuso zao, akaufunga mlango.

"Ostrander alipoupiga mpira mpaka ukutani," Lucius aliendelea polepole, "nani alikuwa amesimama kituo cha pili? Si kuna mtu pale, kwa sheria yao? Huyo alikwenda wapi? Alikwenda kujisaidia? Mpira umefika ukutani, mtu yuko kituo cha pili, nawe unanipa pointi moja. Zilipaswa ziwe mbili. Au wamefuta sheria jana, kwa heshima yako?"

Hrabovsky alikuwa ameichukia sheria ile kiasi kwamba mkono wake, ulipoachiwa kuutunga mchezo, ulikataa kumwandika mtu yule. Alitunga uongo kwa kanuni za zamani.

"Lete ile nyingine," Lucius alisema.

"Ipi?"

"Ile ya kweli. Iko mfuko gani?"

Ilikuwa mfuko wa ndani wa koti. Angeweza kuichoma jana, na hakuichoma. Aliitoa akaisoma zamu ya kumi ya kweli, na safari hii matusi yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine. Lucius alisikiliza mpaka mwisho, mpira dhaifu ukaanguka, mtu wa bure akafika nyumbani.

"Nne kwa tatu," Lucius alisema.

"Nne kwa tatu."

"Miaka yote tangu tufahamiane hujanidanganya. Hata marehemu mke wangu alinidanganya kuhusu bei ya makochi. Wewe hukunidanganya. Kwa nini leo?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi ni kipofu. Nataka niambiwe."

Hrabovsky alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. Alitazama dirishani, ambako treni ya mizigo ilikuwa inapita bila mtu wa breki. Siku hizi hawawekwi.

"Nikiandika mchezo na hakuna wa kumsomea," alisema kwa hasira, "basi mimi ni mzee anayechorachora kwenye karatasi. Kama vichaa. Umeridhika?"

Nje sauti ya Darlene ilisema gari limefika, na sauti ya kiume ikasema linaweza kusubiri dakika tano.

"Wewe ni mjinga, Hrabo," Lucius alisema.

"Najua."

"Mjinga na mzushi mbaya. Hata kutunga hujui." Alijifuta mdomo kwa leso. "Wale Korongo, wezi wa kijani. Jumatano wanacheza na nani?"

"Na timu ya Carver."

"Carver wana mrushaji?"

"Wanaye mmoja wa mkono wa kushoto. Anafaa."

"Wa mkono wa kushoto." Vidole vya Lucius vilianza tena juu ya goti. "Korongo hawawezi mkono wa kushoto. Wanapunga rungu kama mtu anayefukuza nyuki. Watachapwa?"

"Inawezekana. Nani ajuaye?"

"Nataka nisikie wakichapwa. Nataka nisikie zamu zote, kila mpira, na usinifichie aibu yao hata moja. Wamechukua msimu wangu kwa mtu aliyesimama tu, na sifi kabla sijasikia wanarudi kwao wanalia." Akainua sauti. "Darlene! Unangoja nini huko nje? Gari linasubiri!"

Darlene aliingia mbio akakishika kiti. Hrabovsky alijitenga kupisha magurudumu.

"Nikaketi kwenye uwanja ule tena?" alisema. "Kati ya wale watu? Na yule ndege wa fulana?"

"Tena ukae karibu naye," Lucius alijibu akiwa tayari mlangoni, amegeuza uso upande usio sahihi. "Na wakimaliza hao Jumatano, nitafikiria Alhamisi. Usinilazimishe kusema zaidi ya hapo."

Hakulazimisha. Alisimama dirishani mpaka gari lilipoondoka, kisha akatembea hadi kituo cha mabasi, kwa sababu hakuna basi la mashabiki kwenda kutazama timu ya watu wengine. Kijana wa dirisha la tiketi alikuwa na pete puani na hakuinua macho.

"Wapi?"

"Marlow. Jumatano."

"Kwenda tu?"

"Kwenda na kurudi," Hrabovsky alisema. "Na uniandikie kwenye karatasi."